Kiongozi Asiyenitazama Usoni

Mmeniuliza sana jamani. Kila anayepita kibandani kwangu hapa Majengo kuchukua nguo yake, kwanza anaangalia miguu yangu kama bado ipo, halafu ananiuliza, "Ehee, Mama Anitha, ikawaje huko?" Nikianza kusimulia, mmoja ananikatiza kuhusu pindo la gauni, mwingine anacheka kabla sijafika penye kuchekesha, na mwishowe hadithi inatoka na mkono mmoja. Basi nimeandika yote. Someni, mniache nishone.

Namna safari ilivyopangwa naruka. Aliyepanga ni Yusta, mdogo wake Anitha, kutoka huko Ikola anakonunua dagaa na migebuka. Mimi niliambiwa tu kwamba nitapanda gari hadi Mwese, kisha nitatembea kwa miguu siku kadhaa na wenzangu, tukiongozwa na mtu anayejua njia, tushuke milima mpaka Ziwa Tanganyika. Siku hizi watu wanaita hayo mapumziko. Mama yangu alitembea kwa miguu maisha yake yote na hakuna aliyemwambia yuko mapumzikoni.

Nilikubali kwa sababu nilikuwa na jibu la kumpelekea Yusta, na jibu lenyewe lilikuwa hapana.

Aliyekuwa mume wa Anitha mnamjua. Alikuwa anakula kwenye sufuria yangu, ananiita mama kila baada ya neno, anatabasamu, na yote aliyosema yalikuwa uongo. Alipomwacha mwanangu na watoto wawili, niliapa hapa hapa kibandani, na wengine mlinisikia. Nilisema atakayemtaka Yusta atakuja mwenyewe, atasimama mbele yangu, atanitazama usoni, na ataniambia jambo moja la kweli, hata liwe dogo. Safari hii macho nitayasoma vizuri.

Akaja mshenga. Nikamrudisha, nikamwambia mwenye shida aje mwenyewe. Hakuja. Yusta alipotaka kunitajia jina la huyo mtu, nikamkatalia: jina nitaambiwa na mwenye nalo. Nilichojua ni kwamba ni Msukuma, wa familia za ng'ombe zilizohamia huku kutoka kaskazini, na Wasukuma mkoa huu wamejaa kila kona. Nikangoja mpaka nikachoka kungoja. Mwanaume anayeogopa kuonana na mama, huyo ana la kuficha. Ndiyo maana nilikuwa naenda kumwambia Yusta hapana, ana kwa ana, siyo kwa simu.

Mpanda hadi Mwese, kwa gari

Tuliambiwa tuwe stendi alfajiri. Gari likaja jua limeshapanda, dereva akasema alikuwa anatafuta tairi la akiba. Tulipotoka tu nje ya mji tairi likapasuka, la akiba likafungwa, na dereva akaanza kuniangalia mimi kwa jicho baya kwa sababu nilikuwa nimeuliza mbona amechelewa.

Wasafiri tulikuwa watatu. Mwalimu Zuberi, mstaafu, mzaliwa wa Karema, mtu wa kofia na maneno mengi. Doreen, dada wa benki kutoka Dar es Salaam, ambaye alikuja na viatu vya kutembelea, viatu vya jioni na viatu vya kubadilisha ikiwa jozi hizo mbili zitalowa. Mpishi wetu alikuwa Shija, mtu mzima mwenye kifua, na kiongozi wa msafara aliitwa Masunga.

Huyo Masunga ndiye aliyenivuruga akili tangu mwanzo. Alikuja mbio mbio, mrefu, shuka begani, akamsalimia Mwalimu vizuri, akamsalimia Doreen vizuri, halafu akaniona mimi. Akageuka ghafla, akaanza kukagua bomba la moshi la gari. Nikangoja shikamoo yangu. Haikuja.

Kiti cha mbele kilikuwa wazi, karibu yangu. Nikamwita, "Kiongozi, njoo ukae huku mbele, si wewe ndiye unayejua njia?"

Aliparamia nyuma kwenye mizigo, akajikalisha juu ya magunia, akatupa mgongo, na akasafiri hivyo mpaka Mwese, vumbi lote lake.

"Huyu mtu kalewa?" nikamuuliza Mwalimu Zuberi.

Mwalimu akacheka taratibu. "Aa, mama. Heshima hiyo."

"Heshima ya kunipa mgongo?"

"Basi," akasema, akanikonyeza, kana kwamba mimi na yeye tuna siri. Sikuwa na siri yoyote na Mwalimu Zuberi.

Mwese kuna baridi, wasiwadanganye. Unashuka kwenye gari unatafuta kitenge cha pili. Watu walikuwa wanaanika kahawa kwenye vichanja, na mama mmoja alitupokea kwa viazi vya kuchemsha na kahawa nyeusi iliyonifungua macho mpaka kesho yake. Hapo kiongozi akataka kutueleza habari za njia. Akatupanga upande mmoja wa gari, yeye akaenda kusimama upande wa pili, akaanza kuhutubia.

"Ndugu wageni! Kesho tunaanza kushuka! Mtu asimpite kiongozi!"

Tulichokuwa tunaona ni miguu yake tu chini ya gari. Doreen aliinama akaipiga picha.

"Shija," nikamwambia mpishi, "mbona mkubwa wako anaongea na gari?"

Shija akakoroga chai ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa. "Ndivyo alivyo, mama. Mtamzoea."

Kushuka kutoka Mwese, na vile vichuguu

Mwanzo wa njia ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Asubuhi ukungu umelala mabondeni, unatembea juu yake, na milima inaendelea mpaka macho yanachoka. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshagusa, kwa hiyo miombo ilikuwa imetoa majani mapya mekundu. Doreen kila baada ya kona alikuwa anasema, "Aisee, hii ni noma," na mimi nikawa namwitikia, maana kweli ilikuwa noma.

Tabu ilikuwa kiongozi. Alikuwa anatembea mbele, sawa, ndiyo kazi yake. Lakini kila nilipomkaribia alikuwa anaruka kando, anaingia porini, anajibanza nyuma ya mti mpaka nipite. Halafu anatuzunguka kwa mbali, miba na nyasi zote zake, anatokea tena mbele jasho linamtoka. Mara kwa mara nilijikuta mimi ndiye wa kwanza, nimesimama kwenye njia panda, sina habari niende wapi.

"Kulia au kushoto?" nikauliza.

Sauti ikatoka kichakani, "Mwalimu, mwambie mama kushoto."

"Mama, kushoto," akasema Mwalimu Zuberi, aliyekuwa nyuma yangu hatua mbili.

"Nimesikia! Mimi si kiziwi! Kwa nini asiniambie mwenyewe?"

Mwalimu akacheka mpaka akashika kofia. "Mama Anitha wewe una mzaha. Unaiweza kweli."

Ninaiweza nini? Hakusema. Nyie niambieni, mtu akikwambia unaiweza na wewe hujui unachokiweza, unamjibu nini?

Kwenye chakula ilikuwa hivyo hivyo. Shija alitupikia ugali na uyoga wa porini wenye karanga, na kama kuna kitu nitakirudia huko ni uyoga ule. Sisi tumekaa mduara, tunakula kwa furaha. Masunga yuko kule nyuma ya mti, peke yake, anatafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyoitoa mfukoni. Nikamwita aje. Akainuka akasogea mti wa mbali zaidi.

"Huyu ananidharau," nikamwambia Doreen. "Ameona mama mtu mzima, mshona nguo, akaona hafai kusalimiwa."

"Au ni aibu tu, mama," akasema Doreen. "Mimi anaongea na mimi fresh kabisa."

Hiyo ndiyo iliyonichoma. Wote anaongea nao. Mimi tu.

Mchana wake tukaingia mahali penye vichuguu viwili vikubwa, kimoja kimeinama kumwelekea mwenzake, na mbung'o waliotuuma mpaka kupitia nguo. Tukapita. Tukatembea sana, tukashuka, tukapanda, na jua lilipoanza kulegea tukatokea penye vichuguu viwili, kimoja kimeinama kumwelekea mwenzake. Mbung'o wakatupokea tena.

"Tumepotea," nikasema.

Kutoka porini, "Shija, mwambie mama hatujapotea. Bado kidogo."

"Tumepita hapa! Kichuguu hiki nimekiona!"

Kichaka kikatikisika. Kisha, "Shija, mwambie mama vichuguu vinafanana."

Hapo ndipo nilipopandisha hasira. Nilikaa chini kwenye jiwe nikamweleza Doreen habari zangu zote, kwa sauti, kusudi yule wa porini asikie anasafiri na mtu wa namna gani. Nikamweleza habari za mume wa Anitha. Nikamweleza kiapo changu. "Na huyo anayemtaka Yusta hajathubutu kuja mbele yangu hata mara moja," nikasema. "Mwanaume asiyeweza kunitazama usoni akaniambia kweli, kwangu haoi. Nikifika Ikola namwambia mwanangu hapana, tumemaliza."

Kule kichakani kitu kikaanguka kwa kishindo. Lilikuwa dumu la maji. Shija akakimbilia huko, wakanong'onezana Kisukuma kwa muda mrefu, na Shija aliporudi uso ulikuwa umemshuka.

Kesho yake asubuhi, mlangoni mwa hema langu, nikakuta asali kwenye kibuyu kidogo, ya masega, bado ina nyuki wawili waliozama. Kwenye hema la Doreen hapakuwa na kitu. Kwa Mwalimu hapakuwa na kitu.

"Imetoka kwa nani?" nikauliza.

"Kwa kiongozi, mama," akasema Shija, akaondoka haraka.

Nikakaa na kibuyu mapajani. Mtu ananidharau, hanisalimii, anakimbia nikija, halafu anaingia porini alfajiri kuumwa na nyuki kwa ajili yangu. Sikuelewa kitu. Asali niliila, lakini.

Mtoni

Kuna mto pale chini ambao Shija aliuita kwa jina moja na Mwalimu kwa jina lingine, wakabishana. Tulitarajia kuvuka kwa magogo. Tulipofika, mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani, magogo yamekwenda, na maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakimbia.

Tulingoja yapungue. Tukala ndizi zilizobaki, tukangoja. Yalipopungua kiasi cha kufika mapajani, Masunga akaingia kwanza, akapima kwa fimbo, akarudi. Akamshika Doreen mkono, akamvusha. Akarudi akamshika Mwalimu mkono, akamvusha, na kofia yake. Shija akavuka na mizigo. Nikabaki mimi.

Masunga akaja mpaka katikati ya mto. Akasimama. Akageuza uso wake kuelekea milimani kabisa, na kwa nyuma akaninyooshea ncha ya fimbo.

"Shija!" akaita. "Mwambie mama ashike fimbo!"

Jamani. Wote wameshikwa mkono. Mimi nanyooshewa fimbo, na mtu hata hanitazami.

"Shija!" nikaita na mimi. "Mwambie mama si ng'ombe!"

Nikafunga kitenge vizuri, nikaingia mwenyewe, mbali na fimbo yake. Hatua za mwanzo nilikwenda vizuri, na kiburi kilinipanda. Halafu nikakanyaga jiwe lenye utelezi, mguu ukaondoka, na maji yakanibeba. Sikupata hata nafasi ya kupiga kelele, yaliingia mdomoni. Nilichosikia ni sauti ya Doreen, "Mama! Mama!"

Kisha mikono ikanishika. Ilinishika kiunoni, ikaninyanyua kama mtoto, na nikajikuta begani kwa Masunga, namtapikia maji mgongoni. Alinibeba mpaka ng'ambo. Akaniweka kwenye nyasi polepole sana, akahakikisha napumua, na kwa mara ya kwanza nikauona uso wake karibu. Ulikuwa uso wa mtu aliyeogopa vibaya. Mara tu nilipofumbua macho vizuri, akaziba uso kwa mikono miwili na kukimbia.

Alikwenda akakaa mbali kwenye mchanga, akajifunika shuka kichwa chote. Mabega yalikuwa yanatikisika. Mtu mzima yule, analia.

"Ameumia?" nikauliza.

Shija alikuwa amejishika kichwa. "Yameharibika," akasema. "Amekushika, mama. Mkwe hashikwi."

"Mkwe wa nani?"

Shija akatazama chini. Mwalimu Zuberi akaacha kukamua kofia yake. "Mama Anitha," akasema taratibu, "ina maana hukujua?"

"Kujua nini?"

"Huyu si ndiye mkweo? Mwanaume hamtazami mama mkwe, hali naye, hasemi naye, hagusani naye. Nilishtukia tangu tukiwa kwenye gari. Nilidhani na wewe unajua, unacheza sehemu yako! Nikasema huyu mama anaiweza kweli."

Nikamgeukia Shija. Shija akasema yote kwa mkupuo, kama mtu anayetua mzigo. Masunga ndiye mtu wa Yusta. Niliposema mwenye shida aje mwenyewe, aliingiwa na hofu, kwa sababu kwao kijana kumwendea mama wa binti na kumkodolea macho ni tusi kubwa kuliko yote. Alichoweza ni kuomba aongoze msafara, ili angalau anifikishe kwa mwanangu salama, nami nimwone kazi yake. Yusta aliwakataza kuniambia mpaka nifike.

"Sasa ameniheshimu hivyo njia nzima," nikasema, "na mimi nimemtukana njia nzima."

"Ndiyo, mama," akasema Shija.

Mimi ni Mfipa niliyezaliwa Majengo. Mila hizi nilikuwa nazisikia kwa bibi, lakini mjini zilishatuponyoka. Mume wa Anitha alikuwa anaingia jikoni kwangu kufunua sufuria. Nilikaa pale nimelowa chapachapa, kiatu kimoja kimekwenda na maji, sijui nicheke, nilie, au nimtupie hicho kilichobaki. Nilikasirika kwamba wamenificha. Nilikasirika kwamba amejifanya mkwe wangu kabla sijamkubali. Halafu nikayakumbuka yale maji mdomoni, na hasira ikakosa pa kukaa.

Baadaye Shija aliniletea katambuga. Zilikuwa kubwa, zimechongwa kwa tairi, bado zina joto la miguu ya mtu.

"Za nani hizi?"

"Mama vaa tu," akasema.

Nikavaa. Mbele yetu kwenye tope zilikuwepo alama za miguu mitupu, mirefu, na tulizifuata mpaka jioni.

Kwa Shangazi Kabula

Kabla ya mteremko wa mwisho tulifikia kwenye mji wa wafugaji, nyumba za nyasi, zizi kubwa la miba, na ng'ombe wengi kuliko watu. Mwenye mji ni Shangazi Kabula, dada wa baba yake Masunga, mama mwembamba mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Alitupokea kwa maziwa mgando na michembe iliyochemshwa na karanga. Doreen alidhani michembe ni nyama kavu, akaisifu sana nyama ile, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha.

Masunga hakuingia. Alibaki zizini. Shangazi alikuwa ameshaambiwa, akanichukua pembeni, tukakaa kwenye vigoda viwili.

"Pole na maji, mayu," akasema. Mayu kwao ni mama.

"Nimeshapoa. Niambie, huyu kijana anateseka bure? Kanitoa mtoni. Angeniacha nife kwa heshima?"

Akacheka kidogo. "Hakuna anayesema angekuacha. Lakini amekushika, na moyo wake unajua amekushika. Hatakuja mbele ya Yusta. Anasema ameshaharibu."

"Sasa dawa yake nini?"

"Inategemea wewe." Akageuka akanitazama vizuri. "Kama yeye si mkweo, mwambie tu. Hakuna kosa, mtu amemwokoa mtu. Kesho ataamka, atakusalimia, atakutazama kama anavyomtazama yule dada wa mjini, atakufikisha ziwani, mtaagana. Lakini kama ni mkweo, kosa lipo, na wa kulifuta ni wewe peke yako. Kwetu, mama anamnawisha mikono kwa mkono wake mwenyewe, anampa chakula chake ale mbele yake. Hapo aibu imekwisha, anakuwa mtoto wa nyumbani."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Ndipo nilipoona nilivyobanwa. Nilikuwa nataka mwanaume anitazame usoni. Nikisema hapana, asubuhi yake nitatazamwa vizuri, na mwanangu nimemnyima. Nikinyamaza, yule kijana anabaki zizini na aibu yake. Na nikisema ndiyo, nasema ndiyo kwa mtu ambaye najua mgongo wake tu. Sijawahi kumsikia akiniambia neno moja. Mume wa Anitha alikuwa na maneno matamu, huyu hana hata moja, nitampimaje?

"Nipe mpaka Ikola," nikasema.

"Chukua," akasema Shangazi Kabula. "Lakini usichelewe, mayu. Mtoto hali."

Kweli hakuwa anakula. Asubuhi bakuli lake la maziwa nililikuta pale pale zizini, limejaa, limefunikwa kwa ungo.

Mteremko wa Ikola

Siku ya mwisho kiongozi alitembea nyuma, mbali, na Shija akaongoza. Shija njia aliijua kwa kubahatisha. Tulipanda kilima ambacho hatukuhitaji kupanda, tukashuka kwenye shamba la mihogo la mtu, mwenye shamba akatufokea kwanza, alipoambiwa tunatembea kwa kupenda akatuhurumia, akatupa mihogo. Doreen jozi zake zote tatu za viatu zilikuwa zimeshalowa. Mwalimu Zuberi kila baada ya muda alikuwa ananiuliza, "Umeamua?" na mimi namwambia aangalie anapokanyaga.

Halafu miti ikaisha. Ziwa likatokea lote kwa mara moja, bluu mpaka lilipogusana na mbingu, na milima ya Kongo imejichora kule ng'ambo. Chini kabisa mabati ya Ikola yalikuwa yanameta. Doreen alipiga kelele. Mwalimu alinyamaza, jambo ambalo lilinishtua zaidi. Mimi nilitokwa na machozi, na si kwa uzuri tu. Huko chini alikuwepo mwanangu, na nilikuwa bado sijui nimwambie nini.

Yusta alitukimbilia kabla hatujafika mtaani. Alinikumbatia, ananuka dagaa na mafuta ya nazi, akanitazama miguuni, akaziona zile katambuga. Akazitambua. Akatazama nyuma yangu, njia nzima, mpaka akamwona mtu mmoja mrefu amesimama mbali chini ya mti, miguu mitupu.

"Mama," akasema. "Umemwonaje?"

"Mgongo wake naujua vizuri sana."

Hakucheka. "Unasemaje, basi?"

"Nina njaa," nikasema. "Tule kwanza."

Alikuwa ametuandalia migebuka wa kuchoma, ugali wa muhogo na pilipili, kwenye mkeka nyuma ya nyumba yake, ziwa liko pale. Nikamwomba jagi la maji, beseni na sabuni. Nikamwambia Shija aende akamwite Masunga, amwambie anaitwa na mama.

Alikuja. Alikuja polepole, kichwa ameinamisha, akapiga magoti mbali na mkeka. Nikamwambia asogee. Akasogea kidogo. Nikasogea mimi nikamaliza hizo hatua zilizobaki, nikapiga magoti mbele yake, jagi mkononi, sijamimina. Yusta alikuwa amejishika kitenge mdomoni.

"Nina swali moja," nikasema. "Siku ile ya vichuguu. Tulikuwa tumepotea, au hatukupotea?"

Akageuka upande wa Shija, ili amtume. Shija akaangalia ziwa. Akageuka kwa Mwalimu Zuberi. Mwalimu akaona ni wakati mzuri wa kutoa jiwe kwenye kiatu.

"Hawapo," nikamwambia. "Niambie wewe."

Alilitazama beseni mpaka nikadhani basi, ameshindwa. Jasho lilikuwa linamtiririka. Kisha akainua kichwa, taratibu, kama anainua gunia, na macho yake yakafika kwenye macho yangu. Yalikuwa mekundu. Hayakunikwepa.

"Tulipotea, mama," akasema. "Nilikuwa nazunguka porini nisikutane na wewe, nikaipoteza njia. Nikaona aibu kusema." Akameza mate. "Na siku iliyofuata tukapotea tena. Ile hamkuigundua."

Doreen akasema, "Heee!" Mimi nikamtazama yule mtu. Nilimuuliza kosa moja, akanipa mawili.

Mnaniuliza kila siku kama lile jibu langu nilimpa Yusta. Hili ndilo nililolisema, na Yusta alikuwa amesimama pale pale akisikia. Niliinamisha jagi, maji yakamshukia mikononi, nikamwambia:

"Nawa vizuri, mwanangu. Samaki wanapoa."